Kamba ya katani iliyokataa kupinda

Tulikuwa Tanga, kidato cha nne, wiki ya vinasaba. Katani haikuwa shida, na chelewa tulichomoa kwenye ufagio. Tukaamua kuunda DNA, molekuli ya vinasaba yenye umbo la ngazi iliyopindwa, kamba zikiwa mbavu na chelewa vipandio, kwa kipimo kamili: kila nanomita 1 (sehemu ya bilioni ya mita) iwe sentimita 5, yaani kuikuza mara milioni 50.

Upana wa DNA ni nanomita 2, basi kipandio sm 10. Mzunguko mmoja hupanda nanomita 3.4, basi sm 17. Kila kipandio ni jozi ya besi, yaani kemikali mbili zinazokutana katikati; kwa jozi 10 kila mzunguko, ni sm 1.7 kila moja. (Ndani ya maji hukaribia 10.5, lakini 10 hurahisisha kazi.) Chelewa tulizivisha mirija ya soda ya rangi nne, moja kwa kila aina ya besi: sm 6 kwa adenini na guanini, sm 4 kwa thaimini na saitosini. Mrefu hukutana na mfupi, ndiyo maana upana haubadiliki. Kundi moja lilioanisha adenini na guanini, ngazi ikatuna ubavuni.

Vipandio 21 vikafungwa, tukaanza kupinda. Hata mzunguko wa kwanza haujatimia, vipandio vikalaliana na chelewa mbili zikakatika.

"Mwalimu, kamba haitoshi," akasema msichana aliyeshika ncha ya chini.

Alisema kweli. Ile sm 1.7 ni kimo cha kupanda katikati, si urefu wa kamba. Kamba inapita pembeni, inapanda huku ikizunguka. Kila kipandio hugeuka digrii 36 juu ya mwenzake, na ncha yake, iliyo sm 5 kutoka katikati, husogea sm 3.1. Pitagorasi wa kidato cha pili akamaliza ubishi: 3.1 na 1.7 huzaa kama 3.5.

Tukakata kamba mpya, alama kila sm 3.5. Safari hii hatukufunga mafundo, maana fundo hula kamba na nafasi zote hupotea. Tulipanua msokoto kwa msumari, tukapenyeza chelewa zilizolowekwa usiku kucha, kavu hukatika.

Kipandio cha juu tulikifunga ukutani, cha chini tukakigeuza mizunguko miwili. Kwanza tulipinda kushoto, ikabidi tufumue. DNA ya kawaida hupinda kulia: ukiitazama kwa mbele, kamba hupanda kama mstari wa katikati wa herufi Z.

Rula ilisoma sm 34 kasoro kidogo. Msichana yule akauliza DNA nzima ya binadamu ingefika wapi kwa kipimo hiki. Tukaandika ubaoni: jozi kama bilioni 3, mara sm 1.7, ni kilomita 51,000. Mzingo wa dunia ni kama 40,000.