Mafaili ya Dada wa Mwanza

Miaka ile, mkutubi anayesimamia ripozitori ya chuo, yaani hifadhi ya mtandaoni ya tasnifu na makala zake, ungemtambua kwa hofu yake ya Januari na Julai. Hiyo ndiyo miezi ambayo Webometrics, orodha iliyotengenezwa na watafiti wa Madrid, Hispania, ilitangaza chuo gani kimepanda na kipi kimeshuka kwa kutazama uwepo wake mtandaoni. Machapisho yanayosomeka bure yalikuwa na uzito wake humo. Wakubwa wakiiona orodha tu, simu ya maktaba inalia. Mbona tumeshuka? Wenzetu wa chuo fulani wana tasnifu ngapi mtandaoni?

Basi sisi tuliokuwa tukihubiri kutwa kwamba utafiti usifungiwe, tukawa wachoyo kuliko wachapishaji tuliowalaumu. Fomu, barua, majedwali, maelekezo ya skana, kila mtu alivifungia kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Ukimwomba mwenzako wa chuo kingine anakuitikia vizuri, "Nitakutumia ndugu yangu," halafu kimya mpaka mkutane tena kwenye semina.

Semina yenyewe ninayoikumbuka ilikuwa Morogoro, mwaka 2015, katika hoteli iliyo chini ya milima ya Uluguru. Tulitoka vyuo mbalimbali vya Tanzania, na Wakenya wachache. Mkufunzi alikuwa mtu mzuri na alijua kazi yake. Alitueleza Tamko la Budapest la 2002 lililotaka utafiti usomwe bure, jinsi DSpace, programu ya kuendeshea ripozitori, ilivyozaliwa mwaka huohuo kwa ushirikiano wa MIT na Hewlett-Packard, na namna itifaki ya OAI-PMH inavyowezesha mitambo ya nje kuja kuvuna metadata zetu, yaani taarifa za kila kazi kama jina, mwandishi na tarehe. Tuliandika, tukaitikia kwa vichwa. Lakini maswali yaliyotuleta pale yalikuwa ya jikoni zaidi: profesa akikataa unamwambia nini? Tasnifu ya kurasa mia nne unaiskani vipi ili isiwe faili la kuangusha mtandao? Jina la mhadhiri likiandikwa kwa namna tano, unalirekebishaje bila kufungua rekodi mojamoja?

Hilo la majina ndilo lililofungua mlango. Mkufunzi alikuwa akituonyesha namna ya kuhariri rekodi: unabofya, unasahihisha, unahifadhi, unaenda inayofuata. Dada mmoja wa Mwanza, aliyekuwa amekaa nyuma na hajasema neno tangu asubuhi, akanong'ona kwa jirani yake, "Mimi sifanyi hivyo, nitazeekea hapo." Jirani akacheka kwa sauti. Mkufunzi akamwita mbele.

Akachomeka kompyuta yake kwenye projekta. Alichofanya ni kutoa metadata zote za mkusanyiko mmoja kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, akazifungua kwenye programu ya majedwali. Safuwima ya waandishi ikajitandaza: mtu yuleyule ana herufi moja ya jina la kati hapa, mbili pale, kwingine ukoo umetangulia, kwingine umebaki nyuma. Akapanga safuwima kwa alfabeti ili yanayofanana yakae pamoja, akayasahihisha kwa mkupuo. Penye waandishi wawili aliweka katikati yao vijiti viwili vilivyosimama, ||, maana hivyo ndivyo DSpace inavyojua jina moja limeisha na jingine limeanza. Akalirudisha faili kwenye mfumo. Mfumo ukamwonyesha kila badiliko kabla ya kulipokea, akakubali, kwisha.

Kisha akasema jambo ambalo nadhani wengi wetu lilitugusa kuliko semina nzima. Usilifungue faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Excel ikiona 2011-03 itaamua yenyewe kwamba unamaanisha Mar-11, na ukihifadhi, tarehe zako zote zimeharibika kimyakimya. Mwambie kwanza kwamba safuwima ya tarehe ni maandishi matupu. Alikuwa na karatasi ya maelekezo hayo, ukurasa mmoja, ina picha za skrini na mishale myekundu, aliyoitengeneza kwa ajili ya vijana wa mafunzo kwa vitendo waliokuwa wakimsaidia.

Chai ilipofika hakuna aliyeenda kwenye chapati. Tulimzunguka.

"Dada, hiyo karatasi unaweza kunipa?"

"Chukueni. Kuna na nyingine."

Hapo kaka mmoja, chuo chake sitakitaja, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye asingeweza kutoa vitu vya kwao, mkurugenzi wake angemuuliza kwa nini anawapa washindani silaha. Dada wa Mwanza akamtazama. "Mkurugenzi wako ndiye aliyeziandika?"

"Hapana, niliziandika mimi."

"Usiku?"

Akacheka, na sisi tukacheka. Kusema kweli hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wakubwa walikuwa wakitupima hivyo, na mtu analinda kibarua chake. Lakini jioni ile naye alikuja na flashi.

Flashi zenyewe zilikuwa balaa. Kulikuwa na mzee wa TEHAMA kutoka chuo kingine, aliyekaa mlangoni kama mlinzi, akikataa flashi ya mtu yeyote isipite kwenye kompyuta ya dada kabla hajaisafisha virusi. Moja ilikuwa na virusi vya kuficha mafolda, vile vinavyokuachia njia za mkato tupu, akaishika juu kwa ncha za vidole watu wote waione. Mzee huyohuyo, baada ya kugoma kwa muda, akatoa na ya kwake: programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, inayochukua jedwali na folda la PDF na kutengeneza mafolda ambayo DSpace inayapokea kwa wingi, kila moja na dublin_core.xml yake, yaani faili la metadata, faili la orodha ya yaliyomo, na tasnifu yenyewe. Kazi ya wiki ikawa ya mchana mmoja. Alikuwa amekaa nayo miaka miwili.

Ni yeye pia aliyegundua, akizunguka kutazama skrini zetu, kwamba anwani za kudumu za vyuo kadhaa mle ukumbini zilianza na tarakimu zilezile: 123456789. Hiyo ni namba ya mfano inayokuja na DSpace. Waliosimika mifumo hawakusajili namba halisi kwenye Handle, mfumo wa kimataifa wa anwani za kudumu, kwa hiyo kiungo kilichoitwa cha kudumu, ukikipitisha hdl.handle.net, hakikufikishi kwenye tasnifu yoyote. Kuna watu walikuwa wameshakinukuu kwenye marejeo yao. Mzee akatuandikia ubaoni hatua za kusajili na mahali pa kubadilisha, na mmoja wetu akazipiga picha, zikaingia kwenye folda tuliyokuwa tukikusanyia vitu vyetu.

Mimi nilichotoa ni barua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kazi yake, kwa hiyo kuweka tasnifu ya mtu mtandaoni kunahitaji ridhaa. Vyuo vingi vilikuwa na fomu iliyotungwa na mwanasheria, kurasa mbili za "aliyetajwa hapo juu" na "pasipo kuathiri", na wahitimu waliikimbia. Yetu ilikuwa nusu ukurasa yenye visanduku vitatu: iwekwe wazi sasa, iwekwe wazi baada ya miezi kumi na miwili, uwekwe muhtasari tu. Na tuliibanisha kwenye fomu ile ambayo mhitimu huizungusha ofisi kwa ofisi kuthibitisha kwamba hadaiwi kitu. Mtu akiwa na haraka ya kuchukua cheti, nusu ukurasa anausoma na kusaini. Wakenya waliipenda, wakaniuliza kama wanaweza kubadilisha jina la sheria waweke ya kwao. Nikawaambia wabadilishe hata fonti na kichwa cha barua, mradi visanduku vibaki vitatu.

Kilichonishangaza zaidi kilitoka tena kwa dada wa Mwanza. Enzi zile, kabla ya kuweka makala ya mhadhiri, ulikuwa unatazama SHERPA/RoMEO, orodha ya mtandaoni ya masharti ya wachapishaji, ambayo iliwapa rangi kulingana na wanachoruhusu: kijani, buluu, njano, nyeupe. Kijani unapumua. Tatizo, majarida mengi wanayoandikia wahadhiri wetu, yale yanayochapishwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hukuyakuta humo. Ukibaki hujui, unaacha. Yeye hakuacha. Alikuwa amewaandikia wahariri barua pepe mmojammoja, akawauliza: je, mwandishi anaruhusiwa kuweka makala yake kwenye ripozitori ya chuo, toleo gani, na baada ya muda gani? Majibu aliyaweka kwenye jedwali, na barua pepe zenyewe akazihifadhi kando kama ushahidi. Mhariri mmoja alikuwa amemjibu kwa neno moja tu: "Ruksa." Nalo lilikuwamo.

Alilitoa lote. Sharti lake lilikuwa kwamba ukipata jibu la jarida jipya, ulirudishe kwake aongeze mstari. Kulikuwa na mabishano kidogo kama kila karatasi ipigwe nembo ya chuo ilikotoka; tukamaliza kwa kuweka leseni ya Creative Commons inayodai jina la mwandishi tu, na nembo tukaziondoa. Nembo zingemkera mkurugenzi wa mtu.

Ijumaa mchana, kabla ya picha ya pamoja na posho, mkufunzi akafanya jambo la busara. Hakutuuliza tumejifunza nini. Alituuliza ni karatasi gani hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo. Ubao ukajaa. Mwongozo wa kuskani picha na ramani kubwa. Maneno ya kumjibu mwanafunzi anayetaka tasnifu yake iondolewe kwa sababu sasa anagombea ubunge. Na barua ya kuwaandikia warithi wa mhadhiri aliyefariki, maana haki imehamia kwao na hakuna anayejua aanzie wapi: kwa pole, au kwa ombi?

Kaka wa Mombasa akaichukua hiyo ya mwisho. Ilitufikia miezi kadhaa baadaye. Ilianza kwa salamu, ikafuata na heshima kwa marehemu, jina la kila kazi tunayoiomba, kisha visanduku vitatu, vilevile. Niliitumia mara ya kwanza kwa mjane wa profesa mmoja wa sayansi ya kilimo. Siku chache zilipita, akanipigia simu.

"Hizo mlizoandika chukueni zote, nimesaini. Lakini mwanangu, huku nyumbani kuna masanduku mengine mawili ya makaratasi yake, panya wanayamaliza. Mnakuja lini na gari?"