Nilivyochambua majalada ya mauaji yenye ubakaji Mtwara: tatizo la sifuri

Katika kuchambua mienendo ya wahalifu kwenye mauaji yanayoambatana na ubakaji, kinachopotosha zaidi ni sifuri. Kawaida tendo lililofanyika hupewa 1, lisilofanyika 0. Je, jalada likinyamaza? Mwili uliokutwa kwenye mikorosho baada ya siku kadhaa za joto la Mtwara huenda usitoe mbegu za kiume hata kama marehemu alibakwa. Kuandika 0 hapo ni kumsemea marehemu uongo. Nikaongeza 9: haikupimwa au haikuandikwa. Sifuri niliibakiza kwa pale tu daktari au shahidi alipotamka kwamba alitazama na hakuona.

Nilianza na ripoti ya uchunguzi wa maiti, kisha mchoro wa eneo la tukio, kisha ushahidi. Maelezo ya onyo ya mtuhumiwa (anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake) niliyaacha mwisho, maana ukiyatanguliza utaona simulizi yake kila ukurasa. Hukumu peke yake haitoshi. Jaji huandika zaidi kuhusu kinachobishaniwa, hivyo bishano likiwa ni utambuzi wa mshtakiwa, majeraha hupata sentensi moja. Ni lazima usome mwenendo mzima wa shauri.

Lugha nayo ina mtego wake. Shahidi alisema Kiswahili, kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza, na kukaba kwa mikono na kunyonga kwa kamba vikawa neno moja. Kwangu hayo ni matendo mawili tofauti: kamba iliyoletwa kutoka nyumbani inaashiria maandalizi, mikono haihitaji chochote. Nilirudi kwenye shingo: alama za vidole na kucha, au mfereji wa kamba. Pasipoelezwa, 9.

Majalada 20 ya kwanza tuliyasoma wawili, kila mtu peke yake. Asilimia ya makubaliano isikudanganye kwa tendo adimu. Mkiona wote "lipo" mara 1, wote "halipo" mara 16, mkatofautiana mara 3 (mmoja akiliona peke yake mara 2, mwenzake mara 1), mmekubaliana asilimia 85, lakini kappa, yaani kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu, ni 0.32 tu. Kwa kiwango hicho tuliandika upya maana ya tendo, tukarudia kusoma.

Mgawanyo wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wa wahalifu "wenye mpangilio" na "wasio na mpangilio" sikuutumia. Ulitokana na mahojiano na wahalifu 36 wa Marekani, na mwanasaikolojia David Canter na wenzake walipoupima mwaka 2004 kwa mauaji 100, makundi hayo mawili hayakujitenga.

Kulinganisha kesi na kesi nilitumia kipimo cha Jaccard (matendo yaliyo kwenye kesi zote mbili, kugawanya kwa yaliyo angalau kwenye moja), kwa sababu hakihesabu 0 na 0 kuwa kufanana. Jozi yoyote yenye 9 inatolewa kwenye hesabu ya tendo hilo, na tendo lenye 9 katika zaidi ya theluthi ya majalada nililiondoa kabisa.