Nakala ya Titian niliyoikuta Porta Portese

Jumapili iliyopita, katika soko la Porta Portese hapa Roma, nilikuta nakala ya zamani ya mchoro wa Titian, mchoraji wa Venice wa karne ya 16, uitwao Mapenzi Matakatifu na Mapenzi ya Dunia, imeegemezwa kwenye kabati bovu. Upana wake haufiki mita moja, ilhali mchoro wenyewe, ulioko Galleria Borghese, jumba la sanaa hapa Roma, una sentimita 279 kwa 118. Muuzaji aliomba euro 600 na akasema mapema kwamba ni nakala, jambo lililonifanya nimwamini.

Wanawake wawili wameketi kwenye sanduku la kaburi la mawe lililogeuzwa kisima, na katikati yao Cupid, mungu mtoto wa mapenzi, anakoroga maji. Mmoja amevaa gauni jeupe na glavu. Mwingine yu uchi, joho jekundu begani, ameinua taa iwakayo. Sisi tuliolelewa kwamba stara ndiyo heshima tungesema mara moja kuwa mtakatifu ni yule aliyevaa, lakini wengi waliouchambua mchoro huu wanamtaja aliye uchi, kwa kuwa hana cha kuficha wala hahitaji pambo. Hata jina si la Titian: liliingia katika orodha ya mali ya akina Borghese, ukoo uliomiliki mchoro huo, mwaka 1693, karibu miaka 180 baada ya kuchorwa.

Niliinama nikatazama mbele ya kisima, karibu na bomba la maji. Hapo Titian aliweka ngao yenye nembo ya ukoo wa Niccolò Aurelio, katibu wa Baraza la Kumi, chombo chenye nguvu cha utawala wa Venice, aliyemwoa Laura Bagarotto mwaka 1514, na ni kwa nembo hiyo mchoro unahusishwa na harusi yao. Katika nakala hii pana doa la kahawia tu. Aliyenakili aliitazama sura ya yule aliyevaa, anayechukuliwa kuwa bibi harusi, kwa uangalifu mkubwa, hata mikunjo ya gauni ameipata, lakini ngao aliipita kama ufa wa jiwe, na kwa kuipita akamfuta bwana harusi.

Nilisikitika kweli. Sikununua. Jumanne nilikwenda Borghese na picha ya nakala ile kwenye simu, nikalinganisha kipande kwa kipande, na kule nyuma ya yule aliyevaa nikawaona sungura wawili majanini, ambao nao mnakili hakuwachora.