Windows haikai usingizini baada ya sasisho? Anza na kipanya

Sasisho kubwa la Windows linapobadilisha draiva (programu zinazoendesha vifaa), mipangilio ya umeme ya vifaa vya USB inaweza kurudi ya awali. Kompyuta iliyokuwa ikilala vizuri inaanza kuamka yenyewe usiku, na mara nyingi ni kipanya kilichotikisika kidogo mezani.

Usikisie. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika powercfg /lastwake. Itataja kilichoiamsha mara ya mwisho, ingawa pengine huleta jibu tupu. Hapo tumia powercfg /devicequery wake_armed, upate orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya kikiwemo, bonyeza Win+R, andika devmgmt.msc ili kufungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa, fungua sifa (Properties) za kipanya, nenda kichupo cha Power Management, ondoa tiki ya kuamsha kompyuta. Kibodi iachie ruhusa yake, la sivyo utategemea kitufe cha kuwashia tu.

Kompyuta isipolala kabisa, amri ya powercfg /requests hutaja kinachoizuia. Aghalabu ni kivinjari kinachocheza sauti.

Kipanya kuganda baada ya kompyuta kuamka ni shauri jingine: mara nyingi Windows imezima mlango wa USB ili kubana umeme. Humo humo devmgmt.msc, kwenye kila USB Root Hub (kitovu cha milango ya USB), toa tiki ya kuruhusu kifaa kizimwe. Kwenye kompyuta mpakato, betri itaisha mapema kidogo. Na kama kipanya hakina waya, usichomeke kipokezi chake ubavuni mwa diski ya USB 3.0: inavuruga masafa ya 2.4 GHz, na sasisho utalisingizia bure.