Jinsi Nilivyomtuliza Mtoto wa Mbwa Aliyelia Usiku Kucha

Mtoto wa mbwa niliyemleta nyumbani akiwa na umri wa wiki 8 alilia usiku kucha kwa siku 3 mfululizo, nami, kwa kuamini kwamba angezoea, nilimwacha peke yake jikoni na kufunga mlango. Hilo lilikuwa kosa, na bado linaniuma ninapolikumbuka, kwa sababu kiumbe aliyezoea kulala amebanana na mama yake na ndugu zake huuona upweke wa ghafla kuwa ni hatari.

Usiku wa 4 nililihamishia sanduku lake la kulalia kando ya kitanda changu, nikatandika blanketi ndani yake, na kila alipoanza kunung'unika niliteremsha mkono aunuse hadi apate usingizi. Kilio kilipungua usiku huohuo. Kilichobaki ni kile cha saa 8 usiku, ambacho nilikuja kutambua kwamba hakikuwa cha upweke bali cha haja ndogo, kwa kuwa kibofu cha mbwa wa umri huo ni vigumu kustahimili hadi asubuhi. Nilianza kumtoa nje kabla ya kulala na mara moja tena usiku, bila taa kali wala michezo, nikimsifu papo hapo alipomaliza.

Mchana nilimzoesha tu kubaki peke yake kwa dakika chache chache. Baada ya wiki 2 nilianza kulisogeza sanduku kuelekea mlangoni, hatua moja kila usiku, na sasa, akiwa na miezi 5, analala sebuleni kimya hadi alfajiri.