Tiara, udi na uzi ulionitesa wiki tatu

Imekubali! Juzi saa kumi jioni hapa Raskazone, Tanga, upepo wa kusi umetulia vizuri, kamera imepanda na tiara, imejipiga yenyewe huko huko juu, imeshuka mzima, na leo mkanda umetoka kusafishwa una picha. Moja tu. Nimerusha mara kumi na moja kupata hiyo moja, na mkanda uliobaki nilimalizia kwa kuwapiga picha mbuzi wa jirani, kwahiyo nina mbuzi wengi sana na angani picha moja.

Masharti niliyojiwekea ni hakuna betri hakuna rimoti, nafuata njia ya Arthur Batut, yule Mfaransa wa Labruguière aliyepiga picha kwa tiara mwaka 1888. Na Batut hakuning'iniza kamera kwenye kamba kama wengi wetu tunavyofanya, aliifunga kwenye uti wa tiara yenyewe. Shata (kile kifuniko cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga) inavutwa na mpira, mpira umezuiliwa na uzi, na utambi unaungua polepole mpaka unakata uzi. Shata ikifyatuka inaachia kikaratasi, wa chini anajua sasa nishushe. Mimi utambi wangu ni kijiti cha udi, mpira ni kipande cha tyubu ya baiskeli.

Sasa tatizo. Barazani kwangu mtambo ulifanya kazi mara kumi kwa kumi, sitanii. Nikipeleka ufukweni, hola. Nashusha tiara nakuta udi umeungua umepita, uzi upo pale pale umekaza kama haujaguswa, mpira umevutika, shata imelala. Mara ya kwanza nikasema upepo unapooza moto. Nikatengeneza kibanda cha kopo la maziwa kukinga udi, nikakitoboa matundu, nikabadilisha matundu, nikapima udi mbele ya feni nikaona sentimita moja iliyokuwa inakula dakika mbili na ushee inakwenda kwa dakika moja na nusu, nikajaza daftari kurasa nne za mahesabu ya upepo. Wiki tatu jamani. Hata mke wangu akawa ananiuliza kama udi ule nanunua wa kufukizia nyumba au wa kuchomea akili.

Kumbe uzi! Ule wa barazani ulikuwa wa pamba, ukaisha, nikanunua mwingine dukani, mweupe vile vile, unene ule ule, sikuwaza mara mbili. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja fundi cherehani nilipokwenda kuomba kipande cha turubai. Akauchukua uzi, akawasha kiberiti, ukajikunja ukawa kishanga kigumu cheusi. “Mwanangu, huu si pamba, hii plastiki.” Akachoma wa kwake, ukaungua ukawa majivu, harufu kama karatasi. Yaani kule juu uzi wangu ulikuwa unayeyuka unajigandisha kwenye kijiti badala ya kukatika, na mimi nagombana na upepo.

Nikajifariji na Nadar, mpiga picha Mfaransa. Mwaka 1858 alikuwa anapanda na puto nje ya Paris, na enzi zile picha zilipigwa kwenye kioo badala ya mkanda, kioo kilikuwa kinapakwa dawa, kinapigiwa na kinasafishwa kabla hakijakauka, kwahiyo jamaa alibeba chumba cha giza kwenye kikapu cha puto (ndo maana tiara ilibidi isubiri vioo vikavu, vilivyopakwa dawa mapema, tiara haina mtu wa kupaka dawa). Kila akishuka vioo ni vyeusi. Akalaumu dawa, akaosha vyombo, akabadilisha, wapi. Mchawi alikuwa puto lenyewe, gesi iliyokuwa inavuja mdomoni kwa chini ina salfa, inaharibu madini ya fedha kwenye kioo. Alipata picha siku aliyopanda mdomo ukiwa umefungwa, gesi imepungua nguvu mpaka akavua koti na viatu ili puto limnyanyue, akafika kama mita 80. Picha zake hazikubaki. Picha ya angani ya zamani kabisa tuliyonayo ni ya Mmarekani James Wallace Black, Boston, 1860.

Kuhusu kamba, najua mtasema mchagua jembe si mkulima, ila mshipi wa nailoni kwa tiara kubwa mimi sitaki tena. Unavutika kama ubani wa kutafuna na ukiteleza unakata kidole. Nimehamia kamba ya kusokota ya wavuvi, nzito kidogo lakini inashikika.

Picha yenyewe imekaa upande, pembeni imefifia, lakini mabati yenye kutu yanahesabika, kivuli cha mnazi kirefu kuliko mnazi, na dogo aliyeshika kamba ameweka mkono juu ya macho. Nadar aliandika kwamba kwenye picha yake unaona njiwa wawili weupe juu ya vigae. Mimi kwenye mabati nina kunguru. Nadhani ni kunguru.

Hatua inayofuata ilikuwa kufunga kipima urefu kama Batut, kisome mita ngapi picha ilipopigwa. Kimekaa mezani. Hao njiwa wa Nadar wamenikumbusha Julius Neubronner, mfamasia wa Kronberg, Ujerumani, aliyekuwa anasafirishia dawa kwa njiwa, akaja kuwavika kamera kifuani zenye saa ya kutumia hewa, akapewa hataza 1908. Kamera zake zilikuwa gramu 30 mpaka 75. Yangu nyepesi kuliko zote ni 190. Hata hivyo jana nimeazima njiwa wa dogo wa nyuma nikampima kwenye mizani ya dagaa, sindano haijatulia vizuri nasikia dogo anakuja mbio, “Kaka, huyo ana mayai, mrudishe haraka!”