Sauti ni ya saa tatu, daftari ni la siku nzima: siku yangu mnadani Feri

Kuna kijana alinitumia ujumbe akitaka kuwa dalali wa samaki. Sifa aliyonipa ni moja: ana sauti, maana alikuwa mpigadebe wa daladala. Nikaona nisimjibu kwa ndiyo wala hapana, bali nimwandikie Jumanne yangu ya wiki hii ilivyokwenda, aisome mwenyewe, na wengine wanaotaka kujua kazi ya soko la samaki la Feri hapa Dar es Salaam wasome pia.

Saa tisa na nusu usiku. Simu inaita kabla ya kengele. Ni nahodha wa chombo kimoja ninachokiuzia, amefika karibu na nchi, mtandao umeshika. "Dalali, nina vibua matenga kumi na tano, na jodari watatu." Namshukuru, namwuliza barafu imebaki kiasi gani, nakata. Matenga kumi na tano ya kwenye simu yakifika nchi kavu huwa kumi na mbili. Nahodha haongopi, ila usiku baharini kila tenga linaonekana limejaa.

Nawapigia na wengine wawili. Nataka kujua bahari nzima imetoa nini, maana bei ya vibua vyangu haipangwi na vibua vyangu peke yake. Wiki hii ni giza, mwezi haupo, na giza ndiyo msimu wa wavuvi wa taa: dagaa na vibua hufuata mwanga, wanazungushiwa nyavu. Mbalamwezi ikiwa kubwa vyombo vingi vya taa hupumzika. Kwa hiyo kabla sijavaa mabuti najua leo vibua vitakuwa vingi na jodari watakuwa wachache, na najua nitakachotangulia kuuza.

Saa kumi na robo. Pantoni, yaani kivuko, kutoka Kigamboni kwenda Magogoni, upande wa sokoni. Safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini mimi huifanyia kazi: nahesabu ndoo za akina mama. Mama anayekuja na ndoo moja kila siku, leo akiwa na tatu, ujue ana shughuli au amepata oda. Simwulizi. Nasalimia tu, "Shikamoo mama, umeamkaje," naikumbuka sura yake. Akija kusimama mbele yangu saa kumi na mbili nitajua kwamba hatanyamaza mapema.

Saa kumi na moja alfajiri. Mzigo unashuka. Vyombo vinatia nanga, wabebaji wanaingia majini hadi kifuani, wanarudi na matenga begani. Niliwahi kuwa mmoja wao, na hapo ndipo nilipojifunza samaki kabla sijajifunza bei. Tenga ukilibeba kila siku unajua uzito wake bila mizani, na unajua kama katikati kuna samaki au kuna barafu tupu.

Sasa kazi yangu ni kukagua. Macho yawe angavu, yamejaa. Mashavu ukiyafunua yawe mekundu. Ukibonyeza nyama irudi. Jodari ninamkagua zaidi ya wote, kwa sababu jodari aliyekaa kwenye joto hutengeneza sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na sumu hiyo haiondoki hata umkaange mpaka awe mweusi. Huyo ukimwuza leo, wiki ijayo huna mteja.

Halafu kuna samaki wa baruti, waliolipuliwa majini. Siku hizi wamepungua sana kuliko zamani, lakini bado dalali lazima awajue. Kwa nje anaweza kuonekana mzuri kabisa. Mpasue: uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani, nyama imelegea. Uvuvi wa baruti ni kosa la jinai, na mzigo wa namna hiyo mimi sipandi kreti kuunadi, hata mwenye chombo awe nani. Niliposema hivyo mara ya kwanza niliambiwa najidai mzungu. Sawa.

Karani wangu anaandika: chombo, matenga, aina. Kumi na mbili. Nilisema.

Saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ndiyo hiyo sehemu mnayoiona kwenye video za simu.

Napanda kreti. Mbele yangu wapo wachuuzi wa baiskeli na pikipiki, akina mama wa kukaanga, mama lishe, wanunuzi wa mabucha ya samaki, na watazamaji ambao hawana hata shilingi ila wanasukumana kuliko wote. Jambo la kwanza ni lipi linatangulia. Wageni wa kazi hii hutanguliza tenga zuri kupita yote ili kuchangamsha watu. Mimi hutanguliza la kati. Tenga la kwanza ndilo linalolifundisha soko bei ya siku, na watu wakati huo bado wanapimana, hakuna anayetaka kuonekana ana haraka. Ukilitoa zuri wakati huo litakwenda kwa bei ya kupimana, na yote yanayofuata yatashushwa chini yake.

La pili ni bei ya kuanzia. Ukianza juu, wanakunyamazia, na ukishuka mara moja tu wameshajua kwamba unashuka. Naanza chini ya ninachotarajia, vinywa vinafunguka. Mtu akishataja bei moja, kutaja ya pili si kazi.

"Hamsini! Hamsini na tano kwa kaka wa kofia! Sitini kule! Sitini na tano mama! Mama sitini na tano! Sabini ipo? Sabini kwa babu! Sabini mara ya kwanza... mara ya pili..."

Wengi hawatoi sauti. Yupo anayenyanyua kidole, yupo anayekuna sikio, na yupo mzee mmoja ambaye huangalia pembeni kabisa kama hayupo. Akigeuka kuniangalia, ameongeza elfu tano. Hayo hayafundishwi. Unasimama chini ya kreti ya dalali mwingine mpaka uwajue.

Hapa nizungumzie jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Wapo madalali wanaoweka mtu wao kwenye kundi, apandishe bei kwa mdomo bila kununua. Inalipa asubuhi mbili tatu. Wachuuzi si wajinga. Wanamwona kijana yule yule anataja bei kila siku na haondoki na tenga hata moja. Siku wakimtambua wanahama wote, kimya kimya, hawagombani na wewe. Upande wa pili nao wana yao: wachuuzi hukubaliana asubuhi kwamba leo fulani peke yake ndiye ataje bei, wengine wakae kimya, kisha wagawane. Nikiona watu watano ninaowajua wananyamaza kwa pamoja, nalitoa tenga mezani, nasema hili linakwenda barafuni, nanadi jingine. Usichanganye hilo na akina mama wanaochangishana wanunue tenga moja wagawane mafungu. Hao wana haki yao, mtaji wa mmoja hautoshi, na nawauzia kwa moyo mweupe.

Jodari wanauzwa mmoja mmoja. Wawili wanaondoka na wauza samaki wa Kariakoo, wa tatu anachukuliwa na kijana wa hoteli ambaye hataki kelele, ananong'ona bei. Saa tatu asubuhi meza imebaki maji na magamba.

Saa tatu na nusu. Kijana wangu, kazi inaanza hapa.

Nakuwekea hesabu ya chombo kimoja, kwa namba za mviringo. Mauzo ni shilingi 1,200,000. Kamisheni yangu, kumi kwa mia tuliyopatana na mwenye chombo, ni 120,000. Kwa hiyo nahodha anatakiwa kupokea 1,080,000, kabla ya kutoa ushuru wa soko. Na anaitaka sasa hivi. Ana vijana wanaosubiri mgao, ana deni la mafuta, ana barafu ya kununua kwa safari ya leo usiku. Hawezi kuambiwa njoo kesho.

Lakini mkononi nina 700,000 tu. Zilizobaki ziko ndani ya ndoo, ndani ya daladala, zinaelekea Mbagala, Tandika na Manzese. Mama wa kukaanga hanilipi asubuhi. Ananilipa akishauza jioni. Kwa hiyo naingiza mkono mfukoni, natoa karibu 380,000 za kwangu, namlipa nahodha. Ili nipate laki na ishirini nimekopesha laki tatu na themanini, na hicho ni chombo kimoja. Mteja mmoja wa laki na nusu akizima simu, kamisheni yote ya chombo kile imekwenda na nimeongezea juu.

Ndiyo maana nasema sauti ni kitu kidogo. Kinachomfanya mtu awe dalali ni mtaji wa kulipa kabla hajalipwa, na kichwa cha kujua nani alipe leo na nani aachiwe kesho. Mitandao ya simu imesaidia, nusu ya madeni siku hizi yanaingia bila mimi kutoka nyumbani, ila nayo ina makato yake, na huwezi kumtumia mtu ambaye hataki kukutumia.

Mimi nilishika daftari la dalali mmoja mzee kabla sijaruhusiwa kutaja bei hata moja. Nililalamika sana wakati ule. Daftari lile ndilo lililonipa wateja, kwa sababu nilishajua tabia ya kila mmoja wao alipokuwa bado hajui jina langu.

Saa tano. Supu ya pweza na chapati. Napokea wageni wa biashara nikiwa nakula, ndiyo ofisi yangu.

Leo ni mwenye chombo anayetaka nimwezeshe nyavu mpya. Huu ndio mlango wa kukua: ukimsaidia mtu nyavu au mashine, mzigo wake unakuja mezani kwako na anakatwa kidogo kidogo. Wakubwa wote wa hapa wamepanda kwa njia hiyo. Nami nimepanda kwayo, ila nina mpaka. Chombo kikidaiwa kingi mno, mvuvi anaona kila safari anamvulia dalali, mwishowe anashusha samaki pwani nyingine usiku na kukwambia bahari ilikuwa mbaya. Huwezi kumkamata na huwezi kumlaumu sana. Namwambia nitatoa nusu ya nyavu, nusu atafute mwenyewe. Hajafurahi. Ameomba muda wa kufikiri, nami nimempa.

Wa pili ni yule kijana wa hoteli. Anataka kilo kamili, samaki waliosafishwa, risiti ya mashine na mkataba wa mwezi. Ni biashara nzuri na ndiyo iliyonifanya nikasajili jina, nikanunua majokofu mawili. Tatizo lake ni kwamba hoteli nayo hulipa baada ya siku thelathini. Mama wa Mbagala anadaiwa hadi jioni tunamwona msumbufu. Hoteli inadaiwa mwezi mzima tunaiita mteja mkubwa!

Saa saba hadi saa tisa. Nyumbani, kulala. Sisemi na mtu. Tangawizi ya moto, hakuna maji ya barafu. Koo likiuma siku vyombo vimejaa, hakuna wa kukusaidia.

Saa kumi jioni. Kukusanya. Nachukua bodaboda hadi Mbagala.

Kudai ni ufundi kuliko kunadi. Usimdai mtu mbele ya wateja wake, kamwe. Unafika, unasalimia, unanunua samaki mmoja wa kukaanga unakula pale pale, unaona mwenyewe karai limebaki na nini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba dalali. Najua kilichokuleta."

"Njaa, mama."

Anacheka. Ananipa elfu arobaini kati ya sitini na tano, anasema mvua ya mchana imefukuza watu. Naangalia karai: kweli samaki wapo. Naandika ishirini na tano, na kesho atachukua tena tenga. Wa pili karai tupu, anasema hana kitu. Huyo kesho atanunua kwa fedha taslimu, na sitamwambia leo. Atajua akinyoosha kidole nami nikaangalia upande mwingine.

Saa mbili usiku. Natazama utabiri wa upepo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, nawapigia manahodha wangu kujua nani anaingia baharini. Wawili wanatoka, mmoja mashine inasumbua. Karani wangu ameleta hesabu, imelala sawasawa, isipokuwa elfu tatu ambazo tunazitafuta nusu saa na kuzikuta kwenye nauli.

Anakohoa kidogo, anauliza lini atapanda kreti. Ana sauti nzuri kweli, kuliko yangu. Nimemwambia kesho anadi matenga mawili ya mwanzo. Ya vibua. Jodari bado.